Kitenge cha Papa Dennis

Siku Dennis Harkness alipochaguliwa kukiongoza chama cha Wahafidhina katika jimbo lake huko Kanada, Mama Thérèse alikuwa Joubert Park, Johannesburg, amesimama nyuma ya kiti cha plastiki, vidole vimezama katika nywele za mteja. Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni. Ulikuwa ujumbe wa binti yake Falonne, neno moja tu: ameshinda. Mama Thérèse aliacha msuko ukining'inia, akainua mikono yote miwili, akasema, "Yesu, asante, tumeshinda," kwa sauti iliyomfanya muuza soksi wa jirani ageuke kuuliza ni timu gani imecheza.

"Si mpira, ni siasa," alisema Mama Thérèse. "Mtu wetu ameshika chama."

"Chama cha hapa?"

"Cha Kanada."

Mteja, ambaye kichwa chake kilikuwa kimesukwa upande mmoja tu, aliuliza kwa upole kama Kanada wangemruhusu awahi teksi yake.

Mtu asiyejua angedhani mama huyu ana shamba Kanada. Hakuwa hata na koti la baridi. Alikuwa mjane, mkimbizi kutoka Uvira, msusi, anakaa na Falonne katika chumba kimoja cha nyumba kuukuu ya Bertrams, mahali ambapo siku ya mechi kelele za uwanja ziliingia mpaka ndani ya sufuria. Lakini katika jimbo hilo la mbali kulikuwa na kanisa dogo, na waumini kadhaa wa kanisa hilo walikuwa wametia sahihi kuwa wadhamini wao. Watawapokea, watawapa pa kulala, watawaonyesha njia ya shule na ya hospitali, mpaka wasimame wenyewe. Mmoja wa waliotia sahihi alikuwa Dennis Harkness. Aliwahi kuuza matrekta, kisha akawa diwani, kisha mbunge wa jimbo, na sasa hayo ya kuongoza chama. Wadhamini wengine walikuwa majina tu. Yeye ndiye aliyetuma picha, amesimama na mkewe Carol mbele ya nyumba iliyozikwa na theluji, ameshika beleshi, anacheka kama vile theluji yote ile aliiagiza mwenyewe.

Falonne alikuwa anakaribia kumaliza sekondari. Alikuwa na kichwa cha hesabu, walimu walikuwa wakimwita ubaoni awasaidie. Lakini karatasi yake ya hifadhi ya ukimbizi ilikuwa ya kuongezwa muda kila mara, kwa foleni ya tangu alfajiri, na kila chuo alichouliza huko Braamfontein kilimjibu kwa adabu nyingi kuhusu ile karatasi. Tena mji ulipochafuka, watu wakaanza kupita mlango kwa mlango wakiuliza nani mgeni, mama na binti walizima taa wakakaa chini ya dirisha, migongo ukutani, hawasemi kitu. Kanada kwao haikuwa matembezi. Ulikuwa mlango, na kwa macho ya Mama Thérèse mwenye ufunguo alikuwa Harkness, aliyemwita Papa Dennis, yaani baba.

"Mama, anayedhamini ni kanisa," Falonne alimwambia. "Chama ni kitu kingine kabisa." Alisema kwa Kiingereza, kama desturi yake. Mama alijibu kwa Kiswahili, kama desturi yake, na hivyo ndivyo walivyoelewana miaka yote.

"Wewe umekulia hapa, hujui mambo ya wakubwa."

Yeye aliyajua. Uvira, ukipata kazi pale bandarini ni kwa sababu fulani yuko juu, na siku fulani akishushwa unaanza kufungasha kabla hujaambiwa. Marehemu mume wake alipata kazi hivyo, na akaipoteza hivyo. Kwa hiyo Mama Thérèse alipiga hesabu yake: Papa Dennis akilichukua jimbo, wao wamefika. Papa Dennis akianguka, nani atakumbuka wanawake wawili wa Bertrams?

Akaamua kumsaidia. Hapo ndipo maafa yalipoanza.

*

Kikundi cha maombi cha akina mama kilikuwa kimezoea kuombea vitu vya kawaida: ndoa, karatasi, miguu inayovimba. Sasa Mama Thérèse alileta ajenda mpya. Kila Jumatano alisimama mbele, amekunja mikono, akatoa taarifa ya kampeni.

"Wapendwa, wiki hii tumeshuka kidogo mjini. Lakini vijijini tuko imara. Naomba tukazane kwenye yale majimbo madogo ya upande wa mto."

"Amina," walijibu akina mama, ambao hawakujua mto gani.

Habari alizitoa kwa Falonne, aliyekuwa akimfungulia video kwenye simu na kumtafsiria huku anafanya kazi za shule. Papa Dennis amepanda trekta. Papa Dennis amekula mahindi kwenye maonyesho. Papa Dennis ameahidi kuondoa kodi ya moshi. Mama Thérèse akawa mtaalamu wa kodi ya moshi. Angeweza kuieleza kutoka mwanzo hadi mwisho mbele ya mteja aliyetaka tu kusukwa, na wala hakulijua jina la diwani wa mtaa wake mwenyewe, aliyepita kila siku na gari jeupe.

Jirani yake Ummi, Mtanzania kutoka Tanga aliyepika chapati na kuziuza getini, alimsikiliza kwa muda mrefu, mkono shavuni.

"Shoga, hebu niambie. Wewe umewahi kupiga kura?"

"Wapi?"

"Popote."

Mama Thérèse alifikiri. "Acha kwanza huyu apite," alisema.

Mchungaji Évariste ndiye aliyeleta wazo la kitenge. Ujanani, kabla hajaokoka, aliimba katika kikundi cha ngoma cha chama kimoja huko kwao, akijua vizuri namna wakubwa wanavyopokewa uwanjani. Baada ya ibada alimvuta Mama Thérèse kando.

"Mama Falonne, kuna kitu kinanisumbua. Huyu mzee tunamwombea, lakini yeye hatuoni. Kwetu mtu akigombea anavaliwa. Huko kwao nani anamvaa?"

"Falonne anasema hawavai. Wanachomeka vibao kwenye majani, mbele ya nyumba."

"Kwenye majani?"

"Ndiyo. Uso wake na jina. Na uchaguzi ukiisha wanaving'oa."

Mchungaji alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna mgonjwa hajaoshwa. "Bon. Sisi tutamvaa."

Akina mama wakachanga. Duka moja la kuchapa vitambaa huko Fordsburg likaichukua ile picha ya theluji, likakata beleshi, likamkata Carol masikini, likaacha uso: miwani, masikio makubwa, na kile kicheko. Kuzunguka uso wakaandika BABA DENNIS, MUNGU AKUPE JIMBO. Mwenye duka aliuliza wanataka rangi gani.

"Bendera yao ni nyekundu," alisema mchungaji, "na lile jani jekundu."

"Basi nyekundu," alisema Mama Thérèse. "Iliyokolea."

Falonne alikuwa kwenye mitihani. Hakuna aliyeona haja ya kumsumbua mtoto kwa jambo lililo wazi kama hilo.

*

Fundi Vénérand, Mrundi mwenye cherehani kwenye kibaraza cha nyumba ya pili, alikitandaza kitenge mezani akakitazama muda mrefu. Pini zilikuwa mdomoni.

"Mama Falonne, uso huu nauweka wapi?"

"Mahali pa heshima."

"Kifuani?"

"Hapana, Fundi. Mimi mjane."

"Mgongoni atakuwa anatazama nyumba ulizozipita. Chini ya mgongo..."

"Nitamkalia. Huyo ni mzee wa kanisa."

"Basi mbele, kwenye sketi. Nikimpandisha ataonekana kama yuko tumboni mwako, watu watauliza. Nikimshusha atafika kwenye magoti."

Mama Thérèse alitabasamu. "Mshushe. Awe ananiona nikisali."

Jumapili iliyofuata walipanga mstari kwenye ngazi za kanisa, akina mama wote, wekundu kama jogoo. Nyuso za Papa Dennis zilikuwa kila mahali. Mmoja ulikuwa umekunjamana juu ya mimba ya Mama Emery hata ukaonekana umenenepa vizuri. Mchungaji alipiga picha, akairusha kwenye ukurasa wa kanisa, akaweka jina la Dennis Harkness na la chama chake ili asiikose. Mama Thérèse alikuwa katikati, kidevu juu. Hakuwa amepiga picha ya kusimama hivyo tangu arusi.

Jioni Falonne alirudi kutoka kwa rafiki yake akiwa na simu mkononi. Hakusalimia.

"Mama, nani alichagua rangi?"

"Tulikubaliana. Kwa nini?"

"Chama chake ni cha buluu. Kila kitu chao buluu. Vibao, tai, mabasi."

"Lakini bendera..."

"Bendera ni ya wote. Nyekundu ni ya wale wengine, Mama. Wale anaoshindana nao."

Mama Thérèse aliketi kitandani. Kumbe kwenye video zote zile alikuwa akiangalia uso wa mtu, haangalii tai. Alijaribu kukumbuka. Ndiyo. Tai ilikuwa buluu. Trekta ilikuwa buluu.

"Mwambie mchungaji aitoe," alisema.

"Eish, Mama. Kule wameshaiona wote."

*

Mwanzoni ilikuwa kicheko tu. Watu wa jimbo lile walirushiana picha ya wanawake wa Johannesburg waliomvaa kiongozi wa Wahafidhina katika rangi ya maadui zake. Hata Papa Dennis mwenyewe aliandika kwamba ameguswa, na kwamba wanawake hao wana mavazi mazuri kuliko yake. Ingeishia hapo, kama Mama Thérèse angekaa kimya.

Mwandishi wa habari alipiga simu kutoka Kanada, mwanamke mwenye sauti laini. Alitaka kujua ni akina nani na kwa nini wamevaa vile. Falonne alifunika simu kwa kiganja.

"Mama, tusijibu. Tafadhali."

"Tusijibu vipi? Hapa ndipo pa kurekebisha." Alijipangusa mikono, akakaa wima kama yuko mbele ya gavana. "Mwambie huyu mzee ni baba yetu. Anatuleta huko. Mwambie tukifika tu, wote tutampigia kura."

"Sitasema hivyo."

"Sema, mwanangu. Na walio nyuma yetu nao watakuja, ni wengi, na wote watampigia kura yeye."

"Mama, hujui watu wa chama chake wanavyo..."

"Hiyo ni sifa, Falonne. Kuna mtu anakataa sifa?"

Falonne alikuwa amelelewa kutopindisha maneno ya mkubwa. Alitafsiri yote, moja baada ya jingine, macho yake yakitazama sakafu. Upande wa pili ilisikika sauti ya mtu anayeandika kwa furaha.

Habari zilitoka siku iliyofuata. Kumbe ndani ya chama cha Papa Dennis walikuwepo wakubwa waliomnung'unikia tangu mwanzo kwamba ni laini mno kwa wageni, na yeye alikuwa akiwatuliza kwa maneno ya katikati, si ya moto si ya baridi. Sasa wakapata maneno ya moto, kutoka kwenye mdomo wa msusi wa Joubert Park. Wengine walisema ameandaa wapiga kura wa kuletwa kwa ndege. Wengine wakauliza nani amelipia vile vitambaa.

Kisha ukaja mdahalo. Mama Thérèse aliutazama nyumbani kwa Ummi, kwenye simu ya Falonne iliyoegemezwa kwenye bakuli la unga. Wagombea walikuwa wamesimama nyuma ya meza ndefu. Yule mama wa chama chekundu alikuwa mkavu, mwenye nywele fupi. Alipopewa nafasi ya kufunga, alisema angependa kuwashukuru wafuasi wake wote, hasa wale wa Johannesburg waliovaa rangi zake. Ukumbi mzima ukacheka. Papa Dennis naye akacheka, lakini masikio yake makubwa yaliiva mpaka yakafanana na kitenge.

"Anacheka," alisema Mama Thérèse kwa matumaini. "Si amecheka?"

Ummi aligeuza chapati. "Hata mimi mume wangu aliponiacha nilicheka hivyo hivyo."

*

Akina mama walifunga kula. Walikesha kwa kupokezana, wakampigania Papa Dennis kijiji kwa kijiji, na mchungaji akakemea roho ya rangi nyekundu mpaka sauti ikakauka. Mungu alisikia maombi yote ya Bertrams, akayatazama, akawapa jimbo wale wengine.

Papa Dennis hakushindwa nusunusu. Chama chake kilipoteza viti, yeye mwenyewe akapoteza kile alichokikalia kabla ya kuwa kiongozi. Haukupita muda akasimama mbele ya vipaza sauti, Carol pembeni yake, akasema anajiuzulu. Alisema maneno machache na kuyarudia. Mtu mmoja alipiga makofi mapema mno, akaacha.

Mama Thérèse aliipata habari akiwa kazini. Alimsuka mteja mistari iliyoelekea kushoto yote, kama majani yaliyolazwa na upepo, na ikabidi afumue na kuanza upya huku mteja akihema kwa hasira. Jioni aliketi getini karibu na jiko la Ummi.

"Nimeangusha serikali ya Kanada."

"Ilikuwa bado haijasimama, shoga."

"Basi nimeizuia isisimame."

Falonne alikuja na takwimu, akamwonyesha kwamba Papa Dennis alikuwa nyuma hata kabla ya kitenge, kwamba watu walichoka na chama chake kwa mambo ya hospitali na barabara, kwamba huko hakuna mtu anayebadili kura kwa sababu ya sketi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ni sawa," kwa namna ile ya watu wanaoambiwa marehemu alikuwa mgonjwa hata hivyo.

Kilichomtesa ni kimya. Kanisani kwa Papa Dennis hakuna aliyeandika. Krismasi ikaja, ambapo siku zote walitumiwa picha ya mti wenye taa, na safari hii hakuna mti. Falonne alimaliza shule kwa alama ambazo mwalimu mkuu alizisoma mara mbili kwa kutoamini, kisha akaja kukaa pembeni ya mama yake Joubert Park, akimpasulia nywele za bandia na kuzichana, kwa sababu karatasi ilikuwa ile ile na vyuo vilikuwa na adabu ile ile. Hakulalamika. Hilo ndilo mama alishindwa kulitazama. Alijua, kwa elimu yake ya Uvira, maana ya kimya cha mkubwa aliyeanguka. Akalitoa sanduku chini ya kitanda, akavitoa vitu vyote alivyokuwa amevikunja kwa ajili ya safari, akavirudisha rafuni.

Vitenge navyo vikatafuta maisha mengine. Hakuna aliyetaka kuonekana barabarani na mtu aliyeshindwa. Ummi alifunikia chapati. Vénérand alifunikia cherehani, na kwa kuwa alihitaji mahali pa kuchomekea pini, akawa anazichomeka kwenye paji la uso la Papa Dennis. Mchungaji alishonea viti vya kwaya, hivyo kila Jumapili, kwa heshima zote, kwaya nzima ilimkalia.

Mama Thérèse peke yake hakuigusa sketi yake kwa mkasi. Kuivaa nje aliona haya. Aliivaa asubuhi, kabla ya kwenda kazini, pale anapopiga magoti kwenye sakafu ya saruji pembeni ya kitanda.

"Bwana," alikuwa akianza, "wewe mwenyewe ndiye uliyeziumba hizi rangi."

*

Ilikuwa mwaka wa 2019, baada ya wiki moja mbaya ambapo mabati ya maduka ya jirani yalipigwa mawe na mama na binti walilala kanisani juu ya vile viti vya kwaya, Falonne aliposema kwamba Dennis Harkness anataka kuwapigia Jumamosi, kwa video.

"Anataka kujitoa," alisema Mama Thérèse. "Ni mtu mwema, anataka kutuambia usoni."

Alijiandaa kama mtu anayekwenda kusikia hukumu. Alivaa gauni la kanisani, akaazima mtandio mzuri wa Ummi, akapanga maneno ya kuomba msamaha, akayakariri. Chumbani mtandao ulikuwa dhaifu, kwa hiyo walikaa uani, na Ummi akawa na shughuli ya ghafla ya kuchambua mchele pale pale. Vénérand naye akaleta kiti chake kuja kutia uzi kwenye sindano, kazi ambayo ilimchukua mazungumzo mazima.

Uso ukatokea kwenye simu. Alikuwa amezeeka, amevaa kofia ya duka la matrekta. Alikuwa gereji, na nyuma yake vimepangwa vibao vya buluu mpaka darini, na kwenye kila kibao yeye mwenyewe, kijana kidogo, anacheka.

Mama Thérèse hakumngoja. "Mwambie mimi ndiye niliyemwangusha. Mwambie haikuwa dharau. Mwambie tuliangalia bendera."

Falonne alisema. Yule mzee alivua kofia, akajikuna, akasema kitu kirefu.

"Anasema angeanguka hata ukikaa kimya. Anasema chama kilikuwa kinamngoja ateleze. Anasema kitenge chako ndicho kitu pekee kilichomchekesha mwaka ule." Falonne alisita. "Anasema anaomba radhi kwa kimya. Baada ya kushindwa alijificha. Alidhani sisi huku tulikuwa tunamtegemea mtu mkubwa, na yeye si mkubwa tena, akaona haya kupiga."

Ummi aliacha kuchambua mchele.

Mama Thérèse aliikunja pembe ya mtandio. Lilikuwepo swali moja tu, na lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya vipaza sauti.

"Mwulize hivi. Sasa hana kiti. Ile sahihi yake bado inafanya kazi?"

Falonne aliliuliza kwa sauti ndogo. Mzee alitazama huku na huku kama aliyeambiwa atafute kitu alichokiweka mwenyewe. Kisha akajibu, na Falonne akatafsiri neno kwa neno.

"Anasema sahihi ilikuwa ya jina lake, si ya kiti. Anasema faili letu halijasimama hata siku moja. Kanisa limeambiwa tutaitwa kupimwa afya. Lini, hajui, na hataki kutudanganya. Lakini tutaitwa. Chumba kiko tayari, Carol amekipaka rangi."

"Rangi gani?" aliuliza Vénérand, na Ummi akampiga teke kiatuni.

Mama Thérèse alimtazama Falonne, na Falonne, msichana asiyelia, alikuwa akitazama juu kwenye waya za umeme na kupepesa macho haraka haraka.

Kwenye simu mzee alikuwa bado anaongea. Alionyesha vibao nyuma yake kwa kidole gumba.

"Anasema amepewa vibao vyake vyote, hajui avifanye nini, anafunikia kuni. Anasema miaka yote ya siasa watu walimchomeka kwenye majani wakamng'oa. Hakuna aliyewahi kumvaa. Carol anauliza kama kile kitambaa kimebaki. Hata kipande. Wanataka kukitundika ukutani."

Uani walitazamana.

"Changu kina mafuta," alisema Ummi taratibu. "Yameingia mpaka kwenye meno."

Vénérand alitazama sindano yake. "Changu kina matundu. Hapa." Akagusa paji la uso wake.

Viti vya kwaya hakuna aliyevitaja.

Mama Thérèse aliinuka, akaingia ndani, akarudi na sketi. Aliishika kwa mikono miwili mbele ya simu, kiunoni mwake, ili ionekane ilivyokaa. Nyekundu ilikuwa bado inang'aa pembeni, maneno yalisomeka yote. Lakini pale palipokuwa na uso, palikuwa na doa jeupe lililokwanguka, nyuzi zimeachana. Kulibaki sikio moja na mkono wa miwani.

Mzee alisogeza uso karibu na simu.

"Mwambie hatukumfuta makusudi," alisema Mama Thérèse. "Mwambie fundi alimweka kwenye magoti. Ameishia sakafuni, kidogo kidogo, asubuhi."

Falonne alianza kutafsiri, akakwama, akaanza tena.

"Anauliza, hata baada ya kushindwa?"

"Baada ya kushindwa ndiyo zaidi. Kabla niliomba ashinde, hayo maneno ni mafupi. Baadaye niliomba anisamehe."

Dennis Harkness alivua miwani, akaipangusa kwa kofia, hakuivaa. Kwa mara ya kwanza uso wake haukufanana na vile vibao nyuma yake. Alisema sentensi moja, na hiyo Mama Thérèse aliielewa kabla haijatafsiriwa, maana alikuwa akionyesha ile sketi.

"Hiyo hiyo," alisema Falonne. "Anasema usiitume. Uje nayo."

Siku hiyo sanduku lilirudi chini ya kitanda, na sketi ilikuwa kitu cha kwanza kuingia, imekunjwa, sikio juu. Vénérand aliulizia mlangoni kama amshonee nyingine, ya buluu safari hii, na Mama Thérèse akamjibu kwamba kuanzia leo hachapi kitu mpaka amwulize mtoto.

Asubuhi alipiga magoti mahali pale pale, amevaa kanga ya kawaida. Akainuka upesi, akajisugua magoti. Ndipo alipojua saruji ile ilivyokuwa ngumu, na jinsi yule mzee alivyomvumilia.